Msamaha wa karo uwafikie wanaosafisha vyuo vyetu

Mhariri,

Vyuo vikuu vingi humu nchini huwapunguzia karo wafanyakazi wao, wenzi wao na watoto wao, kila chuo kwa masharti yake. Nafuu hii ilionekana wazi zaidi enzi za masomo sambamba, yaani ya wanafunzi wanaojilipia karo, yaliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1998, kwani aliyekosa ufadhili wa serikali alitozwa karo kamili huku mwenzake aliyefadhiliwa akilipa shilingi 16,000 pekee kwa mwaka. Tangu mfumo mpya wa ufadhili uanze mwaka wa 2023, ambapo familia huchangia kulingana na uwezo wake unavyokadiriwa, umuhimu wa msamaha huo umerejea.

Linalonisikitisha ni kwamba anayeuhitaji zaidi ndiye asiyeupata. Kazi za usafi na ulinzi katika vyuo vingi sasa hutolewa kwa kampuni za kandarasi. Katika maabara ninamofanya kazi, mama mmoja hufika kabla ya saa kumi na mbili asubuhi kusugua meza zilizochafuliwa na dawa na kuosha masinki, ili wanafunzi wa kipindi cha kwanza wapate pahali safi. Kandarasi ikiisha kampuni huondoka, lakini yeye hubaki, akabadilishiwa koti tu. Bintiye alipopata nafasi katika chuo hiki hiki, mama huyo alikwenda kuuliza kuhusu msamaha wa karo. Aliulizwa nambari yake ya mfanyakazi, naye hana, kwa sababu katika vitabu vya chuo yeye si mfanyakazi. Mimi ninayo nambari hiyo, na mshahara wangu unaushinda wake mara kadhaa.

Hoja kwamba vyuo havina fedha naielewa vyema, hasa baada ya mgomo wa wahadhiri wa mwaka 2025, uliotokana na malimbikizo ya malipo ya mkataba wa mishahara wa 2017 hadi 2021. Hata hivyo, katika kozi ambayo bado ina nafasi, ambayo mhadhiri wake anaifundisha vivyo hivyo, kumwongeza mwanafunzi mmoja hakugharimu kiasi kinachoandikwa kwenye ankara ya karo.

Nchini Marekani, ambako punguzo la karo ya shahada ya kwanza kwa mwajiriwa, mwenzi na watoto wake halitozwi kodi, sheria imeweka sharti muhimu: wakubwa wanaolipwa vizuri hawaipati nafuu hiyo ya kodi ikiwa mpango wenyewe unawapendelea wao na kuwaacha wa ngazi za chini. Sheria hiyo inawatambua pia wastaafu na wajane wa waliokuwa wafanyakazi. Sisemi tuige kila kitu cha huko, lakini sharti hilo ni la haki.

Ninaviomba vyama vya wafanyakazi vya UASU (cha wahadhiri), KUSU (cha wafanyakazi wengine wa vyuo vikuu) na KUDHEIHA (cha wafanyakazi wa nyumbani, hoteli, taasisi za elimu na hospitali) viliweke suala hili mezani katika mazungumzo yajayo, hata kama wengi wa vibarua hao si wanachama wao. Nazo kamati za zabuni ziandike katika kila kandarasi mpya kwamba aliyehudumu katika bewa moja kwa miaka mitatu mfululizo, hata kama ameajiriwa na kampuni tofauti tofauti, atahesabiwa kuwa mfanyakazi wa chuo kwa ajili ya msamaha wa karo.

Wako,
Fundi wa maabara,
Eldoret