Barua ya Kufunga Muhula: Kombe la Hisabati na Aibu ya Dirishani

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Mombasa.

Kwa wazazi na walezi wote,

MINT: KUFUNGA MUHULA NA SHINDANO LA HISABATI

Salamu nyingi kutoka shuleni. Tunafunga Ijumaa hii saa tano na nusu ili wanaokwenda kuswali wawahi. Tarehe ya kufungua iko chini ya kadi ya ripoti. Vitabu vya maktaba virudishwe kabla ya kufunga.

Sasa hongereni. Shule sita zimeshindana katika ukumbi wetu na kombe halikutoka getini. Timu ya Gredi ya Tano imeshinda fainali, na katika duru ya maandishi alama ya juu kabisa, 110 kati ya 120, ni ya binti wa Gredi ya Nne. Jina lake limebandikwa mlangoni mwa ofisi. Pitieni mlisome, hata nyinyi ambao watoto wenu hawakuingia.

Nasikia maneno mitaani ati watoto walikaririshwa maswali. Kilabu chetu cha hisabati hukutana Jumanne na Alhamisi, saa tisa hadi saa kumi kasorobo, ili wanaokwenda chuoni (madrasa) jioni wasichelewe. Kila kikao kina maswali manne tu. Dakika kumi za kwanza mtoto hukaa na swali peke yake, kimya. Kisha dakika kumi na tano wawili wawili. Kisha mmoja anasimama ubaoni kueleza njia yake, na mwalimu haruhusiwi kutoa jibu mpaka watoto wenyewe wakubaliane. Mtoto aliyezoea kupewa kanuni huwa hodari kwa kuzidisha na kugawanya, lakini swali likigeuzwa kidogo anaduwaa. Chukueni uzio ulionyooka wa mita 60 wenye nguzo kila baada ya mita 5, mwanzo na mwisho pakiwemo. Karibu kila mtoto hugawanya na kuandika 12. Hizo ni nafasi za kati. Nguzo ni 13. Au hili: kuna njia ngapi za kulipa nauli ya shilingi 40 kwa sarafu za 5, 10 na 20? Anayeorodhesha ovyo hupata sita au saba, halafu hajui kama amemaliza. Anayeanza na sarafu kubwa anajua: ishirini mbili, njia moja, ishirini moja, njia tatu, bila ishirini, njia tano. Jumla 9. Mpangilio huo ndio tunaoufundisha, na maswali ya sarafu mnaweza kuwapa nyumbani bila kununua kitabu chochote.

Jambo jingine tulilolirekebisha ni lugha. Watoto wengi walikuwa wanaanguka kwenye maneno ya Kiingereza kabla hata ya kufika kwenye hesabu. Karatasi ya safari hii iliandikwa kwa lugha mbili, swali juu na tafsiri yake chini.

Kuhusu alama, kuna mzazi aliyekuja ofisini kulalamika kuwa watoto waliopata maswali sawa walipewa alama tofauti, naye si peke yake, kwa hivyo naeleza mara moja kwa wote. Utaratibu tumeuazima kwa shindano la Kangaroo, lililoanza Ufaransa mwaka 1991 kwa kufuata mfano wa Australia. Maswali ni 24: manane ya alama 3, manane ya alama 4, manane ya alama 5, kila moja na majibu matano ya kuchagua. Ukikosa, unakatwa robo ya alama za swali hilo. Ukiacha wazi, hukatwi. Kila mtoto huanza na alama 24, ili hata akikosa yote asishuke chini ya sifuri. Binti yetu aliacha wazi maswali mawili ya alama 5 na kupata mengine yote, ndiyo 110. Aliyemfuata naye alipata maswali 22, lakini mawili ya alama 5 aliyoyashindwa aliyakisia, akakatwa 1.25 mara mbili, akabaki na 107.5. Hakuna aliyemwonea. Anayekisia maswali matano ya alama 4 kwa wastani atapata moja na kukosa manne. Anaingiza 4 na kupoteza 4, yaani amechoka bure. Tunataka mtoto ajue anachokijua na asichokijua.

Wengine wameuliza kwa nini timu zote hazikukutana jukwaani. Shule sita zikikutana kila moja na kila nyingine ni mikutano 15, na kwa dakika 20 kila mmoja ni saa tano nzima, bado hamjahesabu mabishano. Ndiyo maana duru ya maandishi huchuja, timu nne hupanda jukwaani, na mikutano mitatu inatosha kumpata bingwa. Kila karatasi ilisahihishwa na walimu wawili wa shule tofauti, wa tatu akiitwa pale walipotofautiana. Matokeo yalibandikwa nusu saa kabla ya zawadi ili mwenye pingamizi aseme mapema. Sheria ya kutenganisha waliofungana ilisomwa asubuhi, kabla ya mtu yeyote kujua itamfaa nani.

Nimefika kwenye lililoniudhi.

Mnajua joto letu. Madarasa ya chini hayawezi kufungwa madirisha watoto 30 wakiwa ndani, na watu wazima walilitumia hilo. Wakati wa awamu ya kwanza ya duru ya maandishi, wazazi walisimama nje ya dirisha wakionyesha majibu kwa vidole, kimoja kwa A, viwili kwa B. Msimamizi alipowaomba waondoke, aliambiwa asimkaripie mtu aliyelipa karo. Tukilifungua daftari la karo, huenda hoja hiyo isisimame.

Kubwa zaidi, mtu alipiga picha karatasi kupitia dirishani na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, huku Gredi ya Tano wakiwa bado ukumbini wakingoja zamu yao. Kilichotuokoa ni karatasi ya akiba. Huandaliwa kila mara pamoja na ile ya kwanza, swali kwa swali kwa uzito uleule, na hukaa kwenye bahasha yenye sahihi za walimu watatu juu ya gundi. Tuliifungua mbele ya walimu wa shule zote sita. Lakini fotokopi za karatasi ya kwanza zilikuwa zimeshagharimiwa na zikawa takataka, awamu ya pili ilichelewa, na watoto waliokunywa chai alfajiri waliingia kwenye hesabu na njaa. Walimu wageni waliyaona yote hayo. Wanafunzi walikaa kimya na kufuata sheria; waliotutia aibu wana vitambulisho.

Picha tunajua ilitoka simu gani. Mhusika ameandikiwa barua ya peke yake na anatakiwa ofisini kabla ya kadi ya ripoti kutolewa. Mwanawe hataadhibiwa. Kuanzia shindano lijalo hakuna mzazi atakayevuka mwembe wa getini kabla ya saa sita, awe mjumbe wa kamati au asiwe, na simu za wasimamizi pia zitakusanywa.

Kutohudhuria. Timu ni ya watoto wanne na mmoja wa akiba. Mwaka huu wawili waliondolewa usiku wa kuamkia shindano, mmoja kwa harusi, mwingine kasafirishwa bara mapema kwa sababu tiketi ilikuwa rahisi. Timu ya Gredi ya Sita ikabaki na watatu, na wale watatu walilia. Harusi zina kadi na kadi zina tarehe. Tuambieni wiki mbili kabla, tumwandae mwingine. Wanaotoka ng'ambo ya Likoni wahesabu foleni ya feri: kikao cha saa mbili hakimngoji mtu.

Karo. Kuna familia zenye deni la mihula miwili, na miongoni mwao wamo waliokuwa mstari wa mbele kudai medali. Ada ya shindano ilikuwa shilingi 150, iliyogawanyika hivi: karatasi na uchapishaji 40, maji na mandazi 50, zawadi 60. Haikugusa karo, wala karo haikuigusa. Asiyeweza kulipa kwa mkupuo aje tuandikiane awamu. Mlango uko wazi na siri yake ni yake. Anayeweza na hataki atakuta jina la mwanawe halimo kwenye orodha ya kufungua, na asinipigie simu usiku.

Nafasi za kilabu muhula ujao ni 24, na hazigawiwi kwa alama za mtihani. Mtoto atakaa na swali moja kwa dakika 15 mbele ya mwalimu, tuone kama anaendelea kujaribu. Fomu zirudi na sahihi ya mzazi, si ya kaka.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu