Kufunga muhula: safari ya baiskeli na ahadi zilizobaki

Ofisi ya Mkuu wa Shule,
Misungwi, Mwanza.
Desemba 2025

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA WA PILI NA HESABU YA MICHANGO YA BAISKELI

Salaam. Mtoto wako amekuja na bahasha yenye karatasi mbili, ripoti ya matokeo na barua hii. Ripoti uisome yeye akiwa amekaa mbele yako, maana mengine anayajua yeye kuliko sisi. Kidato cha Nne wamemaliza mtihani wao wa Taifa, na Kidato cha Pili wanasubiri matokeo ya upimaji. Tarehe ya kufungua shule Januari imeandikwa chini ya ripoti. Nafasi iliyobaki naitumia kueleza habari ya fedha tulizochangisha kwa safari ya baiskeli, ili kuwanunulia baiskeli wanafunzi wanaotoka mbali, kwa sababu nimeanza kusikia hesabu tofauti tofauti huko senta.

Mnaikumbuka Jumamosi ya tarehe 13 Septemba. Tulitoka uwanjani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu 38: wanafunzi 21 wa Kidato cha Tatu, wazazi 11 na walimu 6, nikiwemo mimi ambaye sikuwa nimepanda baiskeli tangu chuo cha ualimu. Askari wa usalama barabarani alitangulia kwa pikipiki, muuguzi wa zahanati akatufuata kwa bodaboda. Safari ilikuwa ya kwenda Kigongo, kuvuka daraja mpaka Busisi na kurudi, kilomita 40. Kila mpandaji alikuwa na karatasi ya ahadi ambayo mzazi, jirani au mwenye duka aliandika kiasi atakachotoa kwa kila kilomita. Wengi waliandika shilingi 50 au 100. Mmoja aliandika 2,000, halafu usiku akanipigia simu kuuliza kama ni lazima tufike kilomita zote.

Daraja lenyewe, lililozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni mwaka huu, lina urefu wa kilomita 3. Sisi tuliozoea kusubiri kivuko pale Kigongo, huku tunatafuna karanga na foleni ya malori haisogei, tulilivuka kwa dakika 14. Ila katikati, kwenye zile nguzo ndefu zenye nyaya, upepo wa ziwa ulitupiga ubavuni na usukani wangu ukawa unaelekea kwenye kingo. Nilishuka nikakokota. Najua habari hiyo ilifika nyumbani kwenu kabla mimi sijafika shuleni. Karatasi yangu basi inasomeka kilomita 39, na walioniahidi wamelipa za 39 tu. Sina kinyongo.

Wakati wa kurudi tulipata pancha nne. Ya tatu ilizibwa na binti wa Kidato cha Tatu: aliigeuza baiskeli miguu juu, akachomoa tairi kwa vishikio vya vijiko viwili, akajaza tyubu upepo na kuipitisha karibu na shavu lake kusikiliza panapovuja, kwani maji ya kuichovya hayakuwepo. Akakwangua, akapaka gundi, akaipepea kwa daftari, akabandika kiraka. Mwalimu wa Fizikia alikuwa amesimama pembeni ameshika pampu tu.

Uwanjani tulikuta bibi mmoja ameleta jogoo kwa sababu fedha hakuwa nayo. Tukampiga mnada. Aliyemnunua akamrudisha auzwe tena, wa pili naye hivyo hivyo, mpaka jogoo akauzwa mara tano na kuingiza Sh 112,000. Mnunuzi wa mwisho akamrudishia bibi mwenyewe, naye akaondoka na jogoo wake kwapani.

Sasa hesabu. Ahadi zote zilizoandikwa, pamoja na mnada, zilikuwa Sh 4,370,000. Zilizopokelewa na kukatiwa risiti ni Sh 2,915,000. Tumenunua baiskeli kumi mjini Mwanza kwa Sh 265,000 kila moja, ikiwa na keria na pampu. Zimebaki Sh 265,000, yaani bei kamili ya baiskeli ya kumi na moja, na hapo ndipo Bodi ya Shule ilipobishana tangu saa nne hadi saa saba. Wajumbe wengi walitaka tuinunue. Mimi nilipinga. Wenye kumbukumbu wanazijua baiskeli tulizowahi kupewa na wafadhili miaka ya nyuma: ndani ya mwaka mmoja zilikuwa zimeegemea ukuta wa jiko la shule, tairi zimekaa chini, kuku wanalalia humo. Hazikukosa wapandaji, zilikosa tyubu. Fedha hiyo itanunua tyubu, spoku, gololi, mipira ya breki na gundi, na itamlipa fundi atakayekuja shuleni kila Ijumaa ya pili.

Wanafunzi wanaotembea zaidi ya kilomita 7 kuja shule ni 16. Makamu Mkuu wa Shule alipima nyumba kwa nyumba kwa mita ya pikipiki. Wanatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, wanaingia darasani sketi na suruali zimelowa umande mpaka magotini, na saa nne wengine wamelala juu ya dawati. Kumi watapata baiskeli Januari, tukianza na wa mbali zaidi. Kwa sasa zipo stoo, maana baiskeli ikienda likizo inageuka ya familia. Jumapili baba akiipanda kwenda kanisani sitauliza. Nikiikuta na gunia la mpunga njiani kuelekea mashineni, inarudi stoo. Ni mali ya shule, kila moja ina namba kwenye madigadi, na mwanafunzi atairudisha akimaliza Kidato cha Nne.

Ahadi ambazo hazijalipwa ni Sh 1,455,000. Hizo ni baiskeli tano, na chenji ya Sh 130,000. Naomba nieleweke vizuri: mchango huu ni wa hiari, elimu ni bila ada, na hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani wala kunyimwa ripoti kwa ajili yake. Ambaye hakuahidi hadaiwi kitu. Ninayemkumbusha ni yule aliyeandika kwa mkono wake, mtoto akapiga pedali kilomita 40 kwa neno lake, na mpaka leo mtoto huyo anaona haya kumuuliza. Kama mambo yamebana, njoo tuseme, hata kulipa kidogo kidogo kunapokelewa.

Malipo ni kwa mhasibu wa shule au kwenye akaunti ya shule, ambayo namba yake iko nyuma ya ripoti. Usimtumie mwalimu yeyote kwa simu yake, mimi nikiwemo, na usiondoke bila risiti. Ofisi itakuwa wazi kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi hadi tarehe 22 Desemba.

Majina ya wanafunzi sita waliobaki bila baiskeli yako kwenye droo yangu. Sitayabandika ubaoni.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkuu wa Shule

Tanbihi: Pampu ya chuma yenye mpini mwekundu ilibaki uwanjani siku ile ya safari. Mwenyewe aje aichukue kabla fundi hajaizoea.