Picha ya "hisani" ina mwenyewe

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie neno moja dogo linaloonekana chini ya picha nyingi magazetini mwetu, nalo ni "hisani". Picha ikipigwa na mwajiriwa wa gazeti, jina lake huchapishwa kando yake. Ikipigwa na mtu kama mimi, ambaye siku za kazi hupiga picha za paspoti katika kibanda changu hapa Majengo, Mombasa, na siku nyingine hufuata maandamano, mechi za mtaani, harusi na maulidi kwa mapenzi tu, huandikwa "Picha: Hisani", kana kwamba imeokotwa ufuoni baada ya maji kupwa. Hisani ni wema anaoutenda mtu kwa hiari yake. Mtu ambaye hakuombwa wala hakuarifiwa hajatenda hisani yoyote. Amechukuliwa kitu chake.

Sisemi haya kwa kutafuta sifa, na ili nieleweke sina budi kusimulia kisa kimoja. Katika mojawapo ya siku za maandamano ya kupinga Muswada wa Fedha, mwezi Juni 2024, nilikuwa Moi Avenue karibu na Mapembeni na kamera yangu kuukuu. Moshi wa vitoza machozi ulipotanda, kila mtu alitafuta pa kukimbilia isipokuwa mzee mmoja muuza kahawa ambaye huketi upande ule siku zote. Alikuwa akichota maji katika ndoo yake ya kuoshea vikombe, kwa kikombe kile kile cha kahawa, na kuwamiminia vijana machoni mmoja baada ya mwingine, huku mkono wake wa kushoto ukishikilia dele, yaani birika lake la kahawa, lisipinduke. Nilimpiga picha nne. Jioni niliiweka moja katika ukurasa wangu wa Facebook, pamoja na mistari mitatu ya kueleza huyu ni nani na anafanya nini.

Baada ya siku mbili niliiona picha hiyo katika gazeti moja, ambalo si lako. Ilikuwa imekatwa. Dele halikuwapo, ndoo haikuwapo, na vijana waliokuwa wakisubiri zamu yao ya kuoshwa macho hawakuwapo. Kilichobaki ni uso wa mzee na mkono wake wa kulia ulioinuliwa, na chini yake maelezo kwamba ni mwandamanaji akiwakabili polisi. Kisha neno lile: Hisani.

Msomaji wa leo huenda akacheka, lakini siku zile hapakuwa na la kuchekesha. Kufikia Julai 1, 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa na 361 waliojeruhiwa katika maandamano hayo nchini kote, na habari za vijana kutekwa na watu wasiojulikana zilikuwa zikisikika kila uchao. Wanawe yule mzee walimzuia asitoke nyumbani kwa wiki mbili, na mtu anayekula kwa kuuza kahawa asipotoka wiki mbili hesabu yake inajulikana. Hatimaye walikuja kibandani kwangu, si kwa gazeti, kwa sababu gazetini hapakuwa na jina la mtu wa kuulizwa, ilhali mimi walinifahamu na walikuwa wameiona picha katika ukurasa wangu. Niliwaomba radhi kwa kosa ambalo sehemu yake tu ilikuwa yangu. Lau chumba kile cha habari kingenipigia simu kabla ya kuchapa, ningewaambia kwa nusu dakika kwamba yule ni muuza kahawa.

Ndiyo maana nasema kwamba jina chini ya picha si pambo la mpiga picha. Ni anwani ya mtu anayeweza kuulizwa: ulikuwa wapi, saa ngapi, huyu anayeonekana ni nani, na nini kilikuwa nje ya fremu? Picha isiyo na jina haina wa kuitetea inaposingiziwa, wala wa kubanwa yenyewe inaposema uongo.

Sheria nayo haina utata mkubwa katika jambo hili. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inailinda picha kwa miaka 50, na haiulizi kama mwenye kamera ana kitambulisho cha uanahabari au ni muuza mboga mwenye simu. Ni kweli kwamba sheria hiyo hiyo inaruhusu kazi ya mtu kutumiwa kwa kiasi cha haki katika kuripoti matukio ya wakati huo, lakini ruhusa hiyo imefungwa kwa sharti kwamba chanzo kitajwe. Wahariri wengi hukumbuka ruhusa na kusahau sharti. Kuandika "mtandaoni" si kutaja chanzo, kama vile anayeulizwa alikonunua samaki hawezi kujibu "baharini".

Wapo watakaosema kwamba wapiga picha wa ridhaa ni kero tu, na kwamba habari ziachiwe wenye taaluma. Nawaheshimu wenye taaluma, na nimejifunza mengi kwa kuwatazama wakifanya kazi. Hata hivyo, tukumbuke Juni 25, 2025, watu walipoandamana kuadhimisha mwaka mmoja tangu Bunge kuvamiwa. Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo vya televisheni na redio visitishe matangazo ya moja kwa moja ya maandamano, na baadhi ya vituo vikazimwa hadi Mahakama Kuu iliposimamisha amri hiyo. Katika saa hizo, aliyetaka kujua kinachoendelea alitegemea simu za watu waliokuwa barabarani. Na hapa simtaji Mohamed Amin ila kwa kupita: yeye naye alianza akiwa mvulana wa shule mjini Dar es Salaam, akipiga picha kabla ya mtu yeyote kumlipa, miaka mingi kabla ya ulimwengu kuiona njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 kupitia kamera yake.

Lakini sisi wa ridhaa tuna aibu zetu, na itakuwa unafiki nikizificha. Nimemwona mwenzangu akimwomba kijana arudie kurusha jiwe kwa kuwa mara ya kwanza mwanga haukuwa mzuri. Nimeona picha ya mafuriko ya miaka iliyopita ikisambazwa kuwa ya asubuhi hiyo. Wengi wetu hurusha picha papo hapo, nyuso zikionekana wazi, bila kufikiri kwamba kuandamana kwa amani na bila silaha ni haki iliyomo katika kifungu cha 37 cha Katiba, lakini si kila anayeitazama picha anaitazama kwa jicho la Katiba. Mimi mwenyewe, tangu kisa cha muuza kahawa, husubiri hadi watu watawanyike ndipo niweke picha, na nyuso za walio karibu nazifunika isipokuwa mwenyewe ameniruhusu. Picha nyingine hupigwa kwa mbali au kutoka nyuma. Migongo na mabango husimulia mengi kuliko tunavyodhani. Katika shughuli za mtaani mambo ni rahisi zaidi, kwani mwenye shughuli yupo na anaweza kuulizwa, ila matangani huwa siitoi kamera kabisa mpaka mmoja wa wafiwa aniite.

Ninachoomba kwako na kwa wahariri wenzako hakigharimu fedha nyingi. Gazeti litangaze nambari moja ya simu na anwani moja ya barua pepe mahususi kwa picha za wananchi. Anayetuma atakiwe kuleta faili asilia, si nakala iliyopitia WhatsApp, kwa sababu picha inayotumwa huko kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza taarifa za siku, saa na aina ya kamera, na bila taarifa hizo mhariri hubaki kukisia. Apigiwe simu. Aulizwe maelezo ya picha yachapishwe vipi, na ikikatwa aonyeshwe ilivyokatwa. Kisha jina lake liandikwe, au akiomba lisiandikwe kwa ajili ya usalama, ofisi yako ilijue na ilihifadhi, badala ya kumfunika kwa neno "hisani" ambalo halitofautishi aliyejificha na aliyepuuzwa. Malipo ni mazungumzo ya siku nyingine, ingawa nauli ya matatu hadi mjini na kurudi huwa tunailipa wenyewe.

Jina langu kamili na nambari yangu vimo katika nakala niliyokuletea, na yeyote wa gazeti lako anaweza kunipigia. Naomba visichapishwe safari hii tu, kwa kuwa anayenijua mimi hatachelewa kumjua mzee. Amesharudi mahali pake pa kawaida na dele lake. Faili asilia za zile picha nne bado ninazo, saa zikiwa zimeandikwa ndani yake, na katika zote nne ndoo inaonekana.

Mpiga picha wa ridhaa,
Majengo, Mombasa