Swali lako la mlangoni

Mwanangu,

Juzi ulisimama mlangoni, kidonge kiganjani, ukaniuliza: "Mama, kwani ubongo wangu umepungukiwa nini?" Nikajibu chapuchapu: serotonini. Nilitaka tu yaishe. Jibu lile halikuwa sawa.

Hadithi hiyo tumelishwa wengi, kana kwamba ubongo ni birika na lako limekauka. Seli za ubongo hazigusani. Katikati mna upenyo mwembamba mno, na ujumbe huuvuka kwa kubebwa na kemikali kama serotonini na dopamini. Sasa angalia: dawa nyingi za sonona huongeza serotonini kwenye upenyo huo ndani ya saa chache, lakini nafuu huja baada ya wiki kadhaa. Lingekuwa birika la kujaza tu, mtu angeamka kesho yake mzima. Wataalamu wengi wanaona kwamba katika wiki hizo seli zenyewe ndizo zinazojipanga upya.

Tena, wewe una baipola, ile hali ya kupanda kwenye furaha ya kupindukia kisha kushuka kwenye sonona, huzuni nzito. Mwaka 2000 watafiti wa Michigan, Marekani, walipiga picha ubongo wa watu wenye hali yako, wakiwa wametulia, wakakuta dalili kwamba seli zinazotoa kemikali hizo zimezidi kwa karibu asilimia 30. Zimezidi! Waliopimwa walikuwa wachache, kwa hiyo sitii chumvi. Ila nilipoisoma nikakumbuka usiku ule ulipokuwa ukipaka rangi dari saa tisa, brashi inadondosha matone kwenye nywele zako nawe unacheka. Na wiki tatu baadaye umelala umeuelekea ukuta, mimi nakuita mvivu. Hilo neno nisamehe.

Kidonge chako ni chumvi ya lithiamu, madini yatokayo maweni. Daktari John Cade wa Australia ndiye aliyetangaza mwaka 1949 kwamba hutuliza wazimu wa furaha. Namna inavyofanya kazi bado inabishaniwa. Kwamba inafanya kazi, hapana ubishi. Lakini kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru ni padogo, ndiyo maana wanakutoa damu kila mara. Ukitapika au ukiharisha, usijikaze kimya, mpigie daktari.

Jumatatu ni siku ya kupima. Cha usiku meza kama kawaida, cha asubuhi usikiguse mpaka wamalize kutoa damu; zinatakiwa zipite saa 12 kati ya kidonge cha usiku na kutoa damu. Nitakibeba kwenye mkoba wangu.

Mama