Kufuta folda si kuiondoa programu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nisahihishe ushauri uliotolewa katika safu yenu ya teknolojia, kwamba mtumiaji wa Linux anayetaka kuiondoa programu aliyoijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo chanzo aifute tu folda aliyoipakua. Ushauri huo hautoshi, na kwa kweli unamfungia mtu njia iliyo rahisi kuliko zote.

Amri ya kusakinisha, "sudo make install" (sudo huiendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi), haiiachi programu ndani ya folda ile, bali huzitawanya faili zake chini ya /usr/local: programu yenyewe katika bin, maktaba zake katika lib, maelezo katika share. Kwa kuwa kazi hiyo haikupitia kwa apt, kisakinishi cha kawaida cha Debian na Ubuntu, kumbukumbu za dpkg, chombo kinachotumiwa na apt kuorodhesha programu zilizosakinishwa, hazina habari nayo, na ndiyo maana "apt remove" haisaidii kitu. Makefile, yaani faili la maelekezo ya amri ya make, lililozipeleka faili huko limo katika folda hiyo hiyo inayoshauriwa ifutwe, na mara nyingi, ingawa si kila mara, lina maelekezo ya kuziondoa: ingia katika folda kwa "cd", kisha andika "sudo make uninstall". Yasipokuwemo, aliyeijenga programu kwa chombo kiitwacho CMake atafute install_manifest.txt katika folda ya kujengea, kwani humo zimeorodheshwa faili zote zilizosakinishwa. Aliyekwisha kufuta folda itambidi apakue upya toleo lile lile, si jipya, alijenge kwa mipangilio ile ile.

Kilichonishtua zaidi ni "sudo rm -rf" kupendekezwa bila onyo lolote. Amri hii haina kapu la taka wala haiulizi. Mtu akiandika "/usr/local/ share" badala ya "/usr/local/share", nafasi hiyo moja itamfutia /usr/local yote. Kwa faili chache, "rm -i" inatosha, maana huuliza kwanza. Zikiwamo maktaba, amalizie kwa "sudo ldconfig", ili mfumo uisasishe orodha yake ya maktaba.

Safu hiyo ikiligusa tena jambo hili, naomba iwaeleze wasomaji habari za GNU Stow, ambayo kwayo kila programu husakinishwa katika folda yake chini ya /usr/local/stow, na katika bin na kwingineko huwekwa viungo tu vinavyoelekeza kwenye faili zenyewe, hata siku ya kuiondoa ikawa ni kuandika "stow -D" na jina lake, ndipo folda ifutwe.

Wako,
Fundi wa kompyuta, Morogoro