Idi Mubarak kutoka kwa babu yenu aliyestaafu ushairi

Assalaam alaikum wanangu, wajukuu, majirani zangu wa Kibokoni tuliotawanyika, nyie wa Kisauni, wa Likoni mpaka mulioko ughaibuni, Idi Mubarak nyote jamani, Mungu atutakabalie funga zetu na mwakani atufikishe tukiwa wazima. Naandika kwa kidole kimoja kwa hivyo mukiona kosa mulimeze na kaimati.

Najua mwangojea shairi. Kila Idi huwatumia beti tano za salamu hata baada ya kutangaza kuwa nimestaafu (mwanangu alicheka siku ile akaniuliza sasa babangu pensheni ya ushairi utalipwa na nani), lakini mwaka huu hakuna, na nataka niwaeleze kwa nini.

Mwajua nilifanyiwa jicho mwezi wa Shaabani, lile la mtoto wa jicho, daktari akanikataza kusoma na kuandika mpaka lipoe. Basi Ramadhani nzima sikushika kalamu. Na hapo ndipo nilipojijua. Maana mie, na hili sijawahi kumwambia mtu, miaka yote hiyo nikisimama tarawehe mwili uko msikitini lakini kichwa kinatunga. Imamu yuwasoma mie natafuta kina cha kati. Hata tasbihi, mkono huu wa kumtaja Mola ndio huo huo wa kuhesabu mizani, yaani silabi za mstari, vidole vinne kwenda vinne kurudi, nane, kipande kimetimia, kisha nashtuka, kwani nilikuwa nimefika subhanallah ya ngapi? Naanza tena. Wallahi zimo swala nyingi nyuma huko ambazo thawabu yake ni shairi tu.

Mwaka huu kwa kuwa nilijua hata nikitunga sina pa kuandika, nikasikiliza. Usiku wa kumi na tisa ikasomwa juzuu ya 19 ya Qur'ani, na ndani yake mna sura ya Washairi, Ash-Shuaraa, ambayo mwisho wake watunzi wote twaijua na wote twaiogopa, pale inaposemwa kwamba washairi hufuatwa na waliopotea, kwamba wao hutangatanga katika kila bonde, na kwamba husema wasiyoyatenda. Halafu inakuja ile ila, ila walioamini wakatenda mema na wakamkumbuka Mungu sana. Mie kila mwaka nikiifika ile ila najipenyeza haraka upande wa Hassan bin Thabit, mshairi wa Mtume, natulia. Mwaka huu sikuweza kupenya. Nilikwama kwenye "husema wasiyoyatenda".

Kwa sababu mimi ni mtu niliyeandika mashairi mangapi ya kusameheana, mumeyasoma kwenye harusi, yamesomwa redioni, na kuna mtu mtaani Kuze, mshairi mwenzangu, hatujasemezana miaka 22.

Wakubwa mwamjua. Tulikuwa tukijibizana kwa mashairi, yeye akitupa fumbo mie nafumbua, mambo ya kawaida hapa Mvita, Mombasa yetu, tangu enzi za Muyaka, yule malenga wetu wa kale, na watu walikuwa wakingoja jibu kama wanavyongoja mpira leo. Mpaka siku moja alinishinda, kweli alinishinda, kila mtu barazani aliona, na mie badala ya kukubali nikaenda nyumbani nikarudi na hii:

Jahazi lako ni bovu, halijui kwenda joshi
Tanga lake lina kovu, nahodha wake mbishi
Wajigamba una nguvu, kumbe wapepea moshi
Rudi ushone nyavu, kazi hii huitoshi

Mgeni akisoma ataona ni mzaha wa bahari tu. Lakini babake, Mungu amrehemu, alikuwa mshona nyavu, maskini wa Mungu, na baraza zima lilijua. Walicheka. Mie nilijua watacheka, ndiyo maana niliandika.

Muyaka alifariki 1840 na mashairi yake mengi yalibaki vichwani mwa watu wa mji huu, miongo kadhaa, mpaka Mwalimu Sikujua akakaa na yule mzungu Taylor wakayaandika. Nilikuwa nikijisifia hiyo, nasema shairi zuri halihitaji karatasi. Sasa sikilizeni, wiki ya mwisho ya Ramadhani nimepita kwa mama mmoja auza mahamri, akaniona akafurahi, akanisomea shairi langu kwa moyo. Lipi? La msamaha? La kumsifu Mtume nililolikesha miezi? Ni hilo la nyavu, lote, na kituo, ule mstari wa mwisho, akakikazia sauti, na mjukuu wake wa miaka kama minane akalimalizia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Basi leo asubuhi nimetoa fitiri mapema, nikaenda uwanjani, takbiri, swala, hotuba, kukumbatiana, yote kama mujuavyo, na watoto na nguo zao mpya wanazipangusa vumbi kila hatua mbili. Badala ya kugeuza nyumbani nikaingia Mji wa Kale, nikapita vichochoro hadi Kuze. Mlango ule ule. Nilikaa pale nje kitambo nikijipangia maneno na, Mungu anisamehe, nikajikuta nayapanga kwa vina. Nikayatupa nikabisha.

Alifungua mwenyewe. Amezeeka kuliko mie, nafurahi kusema. Nikampa mkono nikamwambia Idi Mubarak, nimekuja kukuomba radhi kwa ajili ya mzee wako. Hakujibu. Akanivuta ndani, akaniketisha, mkewe akaleta tambi na kahawa, tukanywa kimya mpaka nikaanza kutazama viatu vyangu viko wapi.

Ndipo akasema: "Ule ubeti wako, mstari wa mwisho umepungua mizani."

Nikamwambia haiwezekani. Akanionyesha vidole vyangu. Nikahesabu. Ru-di-u-sho-ne-nya-vu. Nikarudia. Saba.

"Rudi uzishone nyavu," akasema, "hapo ingetimia. Miaka yote hii nakungoja uje nikwambie, nawe huji."

Tulicheka mpaka mkewe akatoka jikoni kuangalia ni nani amekufa. Mwenzangu akalia kidogo, nami pia, tusijifanye.

Kesho Idi pili yuwaja kwangu kula biriani. Wajukuu mukija kutaka mkono wa Idi mumuanze yeye, mie noti mpya zimebaki chache.