Mbona droni yenu ghali? Unalipia zile alama za chini

Wiki hii tena nimepigiwa simu, bosi analalamika tumemla hela, eti kuna kijana kamwambia atamrushia droni shambani kwa nusu ya bei yetu na picha anakabidhi siku hiyohiyo. Picha atapata, tena nzuri. Ila picha sio ramani, na hapo ndipo roho inaniuma.

Droni ndogo inajua ilipo kwa GPS ya kawaida, ambayo inakosea mita kadhaa, kwahiyo picha zikishaunganishwa ramani nzima inaweza ikawa imesogea na kwenye skrini huoni kitu. Ndio maana sisi tunafika alfajiri kabla ya upepo, tunafunga besi (kipokezi cha satelaiti kinachokaa sehemu moja), tunalaza vipande vya turubai vyenye msalaba mweusi na mweupe, kila kimoja misumari minne, halafu tunasimamisha rova, kipokezi cha kutembea nacho kinachosaidiwa na besi, juu ya kila alama mpaka isome fiksi, yaani nafasi ya uhakika ya sentimita. Ikisoma floti, yaani bado inakisia, hatuondoki. Chini ya mikorosho unaweza kusubiri nusu saa kwa alama moja, ila alama hizo zikionekana kwenye picha ndizo zinazoivuta ramani mahali pake, na hiyo nusu saa ndio inayoshusha kosa kutoka mita mpaka sentimita.

Mteja mmoja wa Mkuranga alituruka, akarushiwa bila alama hata moja. Fundi akafuata ile ramani, nguzo za uzio upande mzima zikamwagiwa zege, jirani akaja kuonyesha bikoni zake za mpaka. Nguzo zimeingia kwake mita tatu na nusu! Alitulipa bei yetu ileile aliyoikimbia, na juu yake gharama ya kung'oa. Mwingine ramani ilikuwa nje karibu mita 300, namba za kwenye hati ni za Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia ardhi, droni inatumia WGS84, mfumo wa GPS, na hakuna aliyezibadilisha.

Hata roboti zinazobeba rafu kwenye maghala ya Amazon, ndani humo hazioni satelaiti, zinasoma alama zilizobandikwa sakafuni. Migodini chini kwa chini kazi hiyo inafanywa na leza inayopima kuta, nayo inapotea kidogokidogo usipoifunga kwenye pointi zinazojulikana.

Ukituita, leta nakala ya hati na fyeka njia ya kwenda kwenye bikoni, maana zikimezwa na nyasi asubuhi yote inaishia kuzitafuta. Na watoto wasing'oe turubai kabla hatujamaliza kurusha, kazi ya mwisho tulirudia yote kwa sababu hiyo.